Turubai Lililogeuka Tanga: kisa cha shehena ya mwani kaskazini mwa Pemba

Kwa nini nakiandika

Kisa hiki nilikuwamo. Nilikaa kwenye kichwa cha gari, ubavuni mwa dereva, nikiwa nimetumwa na kikundi cha wakulima wa mwani kuusindikiza mzigo wao hadi bandari ya Mkoani. Jina la kikundi, kijiji, mnunuzi, dereva na mwaka wenyewe nimeviondoa. Vipimo na idadi ya viroba ni vya siku ile, kwa sababu niliviandika kwenye daftari la kikundi na bado ninavyo.

Nakiandika kwa ajili ya makatibu wa vikundi, madereva na mautingo. Kila niliyemsimulia alinijibu jibu moja: "Turubai lenu lilikuwa bovu." Turubai halikuwa bovu. Lile la mbele lilikuwa jipya, na lilifika Mkoani likiwa limepoteza pete moja tu, iliyong'olewa na tawi. Tatizo lilikuwa mahali pengine, na ilinichukua muda kuliona.

Mzigo wenyewe

Asiyelima mwani huona kiroba tu. Mwani hufungwa kwenye kamba na kukaa majini takriban wiki sita. Ukivunwa huanikwa kwenye chanja, na kilo saba au nane za mbichi hubakia kilo moja ya mkavu. Kiroba kimoja cha kilo thelathini, basi, ni zaidi ya kilo mia mbili zilizotolewa baharini maji yakiwa yamekupwa, nyingi zikibebwa kichwani na wanawake wanaotembea kwenye matope mpaka magotini. Siku ile tulipakia viroba 130.

Mwani mkavu una adui mkubwa naye ni maji ya mvua. Maji baridi yakiupata yanauosha: chumvi hutoka, rangi hufifia ukawa wa manjano iliyopauka, na ile karajinani, utomvu wa kugandisha vyakula unaotafutwa na viwanda, hupungua. Ukiachwa na unyevu ndani ya kiroba kilichofungwa, unapata joto na kuvunda.

Halafu kuna sifa moja ambayo wengi hatuifikirii. Mwani mkavu ni matawi matawi, unanesa kama godoro. Ukiupanga unaona umejaa, kumbe katikati ya matawi mna hewa tupu. Ukitikiswa, unashuka. Saruji haishuki hivyo, wala mchele. Sifa hii ndiyo iliyotuangusha.

Gari ilikuwa Canter ya bodi ya wazi, urefu wa bodi mita nne na ushei, upana mita mbili, mbao za pembeni zikifika chini kidogo ya goti. Turubai zilikuwa mbili: la bluu, la plastiki, mita nne kwa nne, na la kijani, la kitambaa kizito, mita nne kwa tatu, la zamani lakini zima. Kamba zilikuwa za manila, zile za plastiki zinazoteleza mkononi. Kamba tatu nene na bunda la nyembamba.

Asubuhi ya kufunga

Tulipanga kuondoka saa mbili. Tukaondoka saa nne na robo, kwa sababu mizani ilileta ubishi na ilibidi viroba kumi na tano vipimwe upya. Bandarini mzigo ulikuwa ukipokelewa mwisho saa tisa alasiri. Hesabu hiyo ilikuwa kichwani mwa kila mtu, na nadhani ndiyo iliyofunga turubai siku ile kuliko mikono yetu.

Vijana walivipanga viroba safu tano kwenda juu, bapa kama meza. Dereva akasema turubai la bluu litangulie mbele, kisha la kijani lifuate nyuma yake. Sababu yake ilikuwa ya kueleweka: upepo unatoka mbele, basi la mbele liwekwe mwanzo na likazwe vizuri. Likawekwa. La kijani likaja juu yake, ukingo wake wa mbele ukalala juu ya ukingo wa nyuma wa lile la bluu. Zilipishana nusu mita tu, kwani urefu haukutosha zaidi.

Kamba tatu nene zikakatishwa upana wa gari, kutoka ndoano za kushoto mpaka za kulia. Hapakuwa na kamba ya urefu hata moja. Pembezoni, pete za turubai zikafungwa kwa kamba nyembamba, si zote, moja ndiyo moja hapana. Utingo, kijana wa miaka kumi na tisa, mpwa wa dereva, aliruka juu ya mzigo akatembea mwisho hadi mwisho kuushindilia. Kisha akavuta kamba kwa nguvu zake zote na kuzifunga fundo la kawaida.

Niligusa kamba ya katikati kwa kidole. Ilikuwa ngumu kama waya. Nikaridhika, nikapanda kwenye gari.

Njia ya Ngezi

Kutoka upande ule wa kisiwa, kwenda Konde unapita ndani ya Msitu wa Ngezi. Njia ni nyembamba na miti imeinamia pande zote mbili. Gari ilikuwa ikinesa mwendo mzima, na mimi nikifurahi kwamba tunakwenda.

Hatujamaliza msitu, tukasikia mkwaruzo mrefu upande wa kushoto, kisha kama mtu aliyechana kanga. Dereva akasimama. Turubai la bluu lilikuwa limefanya tumbo ubavuni, tumbo lile likanaswa na tawi, na pete moja imeng'oka na kipande chake.

Hapo nilipanda kwenye gurudumu nikaigusa tena ile kamba ya katikati. Ngumi yangu ilipita chini yake. Niliongeza ya pili juu ya ile ya kwanza, nayo ikapita. Chini ya saa moja tangu ilipokuwa ngumu kama waya.

Tulifanya uamuzi mbaya wa kwanza. Tulikaza kamba iliyokuwa karibu na pete iliyong'oka, basi. Zile nyingine mbili hatukuzigusa. Sababu ilikuwa saa: ilikuwa inakaribia saa tano.

Uamuzi wa pili ulikuwa mbaya zaidi, nao ni wangu. Utingo alisema, "Mama, mimi nikae juu, nilikalie lisipeperuke." Ni jambo linalofanywa kila siku, ukikaa barabarani asubuhi moja utaona vijana wamekaa juu ya turubai kama mawe ya kuzuia makaratasi. Dereva alinitazama, mimi ndiye mwenye mzigo. Nikakubali.

Hazikupita dakika tano. Tawi lilimpiga begani na shavuni, akapiga kelele, akajishika kwenye kamba iliyolegea ambayo ilimpeleka upande mzima kabla haijamzuia. Aliposhuka shati lilikuwa na damu na chini ya jicho pana mchubuko wa urefu wa kidole. Nimeandika hapa kuhusu viroba na kilo na bei, na nitaendelea, lakini kama kuna kitu kimoja cha siku ile ambacho ningekirudisha nyuma ni kile kichwa changu kilichotikisika kukubali. Mama yake alikuwa amenisalimia asubuhi ile ile.

Konde tukasimama dukani, akaoshwa jeraha, akanywa soda. Akaingia mbele pamoja nasi, tukabanana watatu. Kamba hazikukazwa. Tulisimama Konde dakika kumi nzima na hakuna aliyezigusa, kwa sababu akili zetu zote zilikuwa kwa kijana na kwa saa.

Mvua

Ilikuwa Novemba, katikati ya vuli. Tulipotoka Konde mbingu upande wa mashariki ilikuwa nyeusi. Dereva akaamua kuikimbia mvua. Kutoka mwendo wa kilomita arobaini kwa saa akapanda sitini, pengine sabini mahali palipokuwa pamenyooka. Sikumzuia; nilimhimiza.

Mvua ikatukuta. Matone ya mwanzo makubwa, kisha pazia. Mara tukasikia nyuma kishindo, na baada yake mpigo: pa, pa, pa, pa, kama mtu anayekung'uta jamvi kwa hasira. Kwenye kioo cha pembeni niliona turubai la kijani limesimama wima angani. Ukingo wake wa mbele, ule uliokuwa juu ya lile la bluu, ulikuwa umefunguka kama mdomo na upepo ukaingia. Pete tatu zilishakatika. Kamba moja nyembamba ilikuwa ikichapa nyuma ya gari, na kijana wa pikipiki aliyekuwa akitufuata akatoka barabarani mpaka kwenye majani. Hakuanguka. Nilimwona akisimama na kutuinulia mkono, na alikuwa na haki yake.

Dereva akasema mvua ya vuli ni ya kupita, tufike Wete kwanza tupate pa kujikinga. Utingo akasema, "Mjomba, simama." Nikasema simama. Hapo ndipo tulipoanza kufanya maamuzi mazuri, tumeshachelewa.

Kwenye baraza

Tulisimama mbele ya nyumba yenye baraza pana lililoezekwa. Nilibisha hodi, nikaeleza. Mama mwenye nyumba hakuuliza maswali mawili; aliita wanawe, akaondoa majamvi ya barazani, akasema leteni.

Tuliamua kushusha viroba vilivyolowa kabla ya kurudisha turubai. Dereva alitaka kufunika kwanza, ili visizidi kulowa. Niliona kwamba tukifunika kilicholowa pamoja na kikavu, safari nzima unyevu utakuwa ukihama kutoka kimoja kwenda kingine, na jua likitoka turubai litageuka chungu cha kupikia. Kwa hiyo tulivumilia mvua dakika chache zaidi. La bluu likavutwa nyuma kadiri lilivyofika, tukashusha vile vya nyuma na vya juu vilivyokuwa wazi. Tulipapasa kimoja kimoja kwa kiganja. Thelathini na moja vilikuwa vimelowa. Tisini na tisa vikavu.

Wakati tunashusha akaja mzee mmoja amejifunika kipolo kichwani. Nilimwamkia. Akazunguka gari mara moja, polepole, akashika ukingo wa turubai la kijani, akaangalia zile pete zilizong'oka.

"Mwanangu," akaniambia, "mlilolifunga hapa si turubai, ni tanga. Mmelielekeza mdomo kwenye upepo, na kamba mmezilegeza. Tanga likilegezwa demani, ile kamba ya kulivutia, linapiga, na linalopiga ndilo linalochanika."

Alikuwa baharia wa majahazi ujanani mwake. Alitusimamia kuifunga upya gari nzima, na nitaeleza alivyofanya kwa kirefu, kwa sababu hakuna kifaa kipya alichotumia. Turubai zile zile, kamba zile zile.

Kwanza viroba. Vikiwa tisini na tisa mzigo ulishuka, akataka safu ya juu isiwe bapa. Viroba vikapangwa mstari wa katikati ukiinuka, pande zikishuka, kama mgongo wa paa. Juu ya ile meza yetu ya asubuhi turubai lilikuwa limefanya mabonde, na kwenye kila bonde maji yalisimama kama bakuli. Nililimwaga moja kwa mkono na viroba vya chini yake vilikuwa vimechuruzikiwa kupitia matundu ya sindano ambayo bila maji kusimama yasingevujisha kitu.

Pili, turubai la kijani likawekwa kwanza, nyuma. La bluu likaja baadaye, mbele, ukingo wake wa nyuma ukalala juu ya lile la kijani. "Hujapata kuezeka?" akamuuliza dereva. "Kuti la juu linalala juu ya la chini. Hapa juu ni mbele." Upepo ukipita juu ya kiungo namna hiyo unakigandamiza, hauna pa kuingia. Kwa kuwa mzigo ulikuwa umeshuka, mapishano yalifika zaidi ya mita moja.

Tatu, pembe za mbele. Tulikuwa tumezikusanya tu na kuzifunga kama mdomo wa kiroba, zikabaki na mifuko. Yeye alizikunja bapa, ubawa wa mbele ukaingia chini, ubawa wa pembeni ukapita juu na kuelekea nyuma. Ukisimama mbele ya gari huoni mkunjo hata mmoja ulioachama.

Nne, kamba. Aliwapa kazi ya kutoa kamba zote. Akatanguliza mbili za urefu, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha zile za upana juu yake, na ya mwisho akaipitisha msalaba. Na hakuzifunga kwa fundo letu. Alishika kamba katikati, kiasi cha mkono mmoja juu ya ndoano, akaikunja kitanzi kidogo kinachojikaza. Ncha akaipitisha chini ya ndoano, akairudisha juu ndani ya kitanzi, akavuta kwenda chini kwa uzito wa mwili. Kamba ikalia. Alipofika mwisho akaibana kwa kidole palipokunjika ili isiteleze, akaweka mafundo mawili nusu nusu. Kijana wetu alijaribu mara tatu, ya nne akaweza, na yule mzee akampiga begani, lile zima.

Pale kamba ilipopita kwenye chuma cha bawaba ya ubao, aliweka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli.

Akatuambia neno la mwisho: mkifika Chake, shukeni mkaze. Nikamjibu kuwa kamba haziwezi kukazika zaidi ya pale. Akatabasamu.

Matokeo

Hatukungoja Chake. Kijana mwenyewe aliomba tusimame baada ya kilomita tano hivi, na kamba ya katikati, ile iliyolia, ilikuwa imelegea vidole vitatu. Tukakaza. Chake Chake ilikuwa imelegea kidole kimoja. Tukakaza. Kutoka hapo hadi Mkoani, vilima vyote vile vya kupanda na kushuka, haikusogea tena. Mvua ilitunyeshea mara mbili njiani na hakuna kiroba kilicholowa.

Tulifika saa kumi kasorobo. Mapokezi yalikuwa yamefungwa. Mzigo ulilala ghalani na kuondoka baada ya siku mbili, na usiku ule tulitoa turubai kabisa ili viroba vipumue. Vyote tisini na tisa vilipokelewa kwa bei kamili.

Vile thelathini na moja vilifunguliwa kesho yake pale pale barazani na kuanikwa upya kwa siku tatu, mvua ikikatisha. Kumi na tisa viliuzwa kwa bei ya chini. Kumi na mbili vilikataliwa: mwani ulikuwa umepauka, na ndani ya viwili mkono uliingia ukakuta joto. Hizo ni kilo 360 hivi za mwani mkavu zilizotupwa.

Hatukuwa na mapatano ya maandishi na mwenye gari kuhusu nani analipa mzigo ukilowa. Alikubali kupunguza nauli nusu. Sehemu nyingine niliilipa mimi kidogo kidogo, iliyobaki ikakatwa kwenye mauzo ya kikundi. Niliwaeleza wanachama mambo yote kwenye mkutano, pamoja na habari ya kijana kukaa juu. Mmoja wa kina mama, ambaye viroba vyake vitano vilikuwa miongoni mwa vile kumi na mbili, aliniuliza swali moja tu: kijana anaonaje jicho? Anaona vizuri, alhamdulillahi.

Uchambuzi

*Kamba ililegea kwa sababu mzigo ulishuka.* Nianzie hapa kwa sababu ndiko kwenye mzizi. Kamba inayokatisha mzigo inapanda ubavu mmoja, inapita juu, inashuka ubavu wa pili. Mzigo ukishuka sentimita tano, kamba inapata sentimita tano za ziada kushoto na tano kulia, yaani kumi kwa jumla. Mwani wetu uliopangwa mita moja na nusu kwenda juu ulitikiswa njia nzima ya Ngezi. Kushuka sentimita tano au sita si ajabu hata kidogo. Ngumi zangu mbili zilizopita chini ya kamba zilikuwa na hesabu yake. Hakuna nguvu ya mkono asubuhi ambayo ingezuia hilo. Kwa mzigo laini, iwe mwani, makumbi, pamba ya magodoro au majani ya ng'ombe, kukaza kwa mwanzo ni nusu ya kazi, na nusu ya pili inafanyika njiani, ndani ya kilomita chache za mwanzo. Tulikuwa na nafasi mbili za kuifanya, msituni na Konde. Ya kwanza tuliifanya robo, ya pili hatukuifanya kabisa.

*Mwendo.* Uamuzi wa kuikimbia mvua ulikuwa na mantiki ya mtu anayetembea kwa miguu. Kwa gari yenye turubai mambo ni kinyume. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Kwa kilomita 40 kwa saa, kila mita ya mraba inayoukabili upepo inasukumwa kama kwa uzito wa kilo saba na nusu. Kwa 60 ni kama kilo kumi na saba. Kwa 80, thelathini. Ukingo wa turubai la kijani uliofunguka haukuwa chini ya mita mbili za mraba, na kwa mwendo wetu ule ulikuwa ukivutwa kwa zaidi ya kilo thelathini, tena si kwa kuvutwa taratibu bali kwa vishindo. Pete iliyobanwa kwenye plastiki au kitambaa haistahimili vishindo. Tungebakia kwenye arobaini lingelowa zaidi turubai, si mwani.

*Mpangilio wa turubai.* Dereva alifikiri vizuri akakosea hatua moja. Ni kweli la mbele ndilo linalopokea upepo, lakini ndiyo sababu linapaswa kuwekwa mwisho, ili likae juu. Nimewauliza madereva wengi tangu siku ile, na karibu nusu yao wanaanzia mbele.

*Fundo.* Kitanzi cha yule mzee kinafanya kazi ya kapi. Kwa hesabu tupu kinazidisha nguvu ya mvutaji mara tatu. Msuguano wa kamba juu ya kamba unakula sehemu kubwa, lakini kinachobaki bado kinashinda mkono mtupu. Faida yake ya pili naiona kubwa kuliko ya kwanza: kinafunguka na kukazwa upya kwa nusu dakika. Fundo letu la asubuhi, kwa kamba ya manila iliyolowa, lilihitaji meno. Nadhani hilo nalo lilichangia kutokukaza Konde. Mtu hukwepa kazi anayojua itamchubua vidole.

*Kijana kukaa juu ya turubai.* Sina la kupima hapa. Kamba iliyolegea ina dawa yake, nayo ni kukazwa. Kumweka mtu juu hakukazi kitu. Kunahamisha hatari kutoka kwenye mwani kwenda kwenye shingo ya mtoto wa mtu. Na aliyekaa juu ya plastiki iliyolowa, inayotembea, hana pa kujishika isipokuwa ile ile kamba iliyolegea. Dereva akimwambia apande, msimamizi wa mzigo aseme hapana. Kijana akijitolea mwenyewe, vivyo hivyo aseme hapana, kwa sababu wa miaka kumi na tisa hujitolea kwa kila kitu.

*Tulichofanya vizuri.* Kusimama barabarani wakati dereva anataka kuendelea. Kutenga vilivyolowa kabla ya kufunika. Kutoa turubai ghalani. Haya matatu naamini ndiyo yaliyookoa vile tisini na tisa. Pia kubisha hodi. Tungeona haya kuomba baraza la watu tusiowajua, tungeshusha mwani kwenye matope.

*Saa.* Tulipoteza saa mbili na robo kwenye mizani, kisha tukajaribu kuzirudisha kwa kuiba dakika kwenye turubai. Kukaza kamba zote tatu Ngezi kungetuchukua dakika kumi. Kwenye baraza tulikaa saa mbili.

Tunavyofunga sasa

Kikundi kilinunua turubai moja kubwa, mita nane kwa tano, ili tuondokane na kiungo. Mmoja wa wavuvi akatupatia jarife kuukuu, yaani wavu mkubwa wa kuvulia, tunalitandaza juu ya turubai na kulibana pembeni. Linazuia mapigo ya katikati vizuri kuliko kamba peke yake, ingawa ni lazima litolewe vipande vya chaza na kulabu kabla ya kulitandaza, maana mara ya kwanza lilitutoboa. Pete zote zinafungwa. Mapatano na mwenye gari yanaandikwa: nani anafunga, wapi tunasimama, mwendo usizidi hamsini turubai likiwa juu, nani analipa mzigo ukilowa, na kwamba hapandi mtu juu ya mzigo.

Yule kijana ndiye anayefunga. Safari ya kwanza baada ya kisa tulisimama kabla hata ya kuingia Konde, yeye akashuka mwenyewe bila kuambiwa. Nilimwona kwenye kioo akipitisha mkono chini ya kamba ya katikati. Akaniinulia vidole vinne, kisha akaanza kufungua kitanzi.